John Taylor: mkimbiaji aliyekataa mbio moja na kushinda nyingine siku hiyo hiyo

Jumamosi tarehe 25 mwezi wa saba 1908, katika uwanja mkubwa wa White City mjini London, mwanajeshi wa Uingereza aitwaye Wyndham Halswelle alisimama kwenye mstari wa kuanzia fainali ya mita 400. Upande wa kulia hapakuwa na mtu, na upande wa kushoto vilevile. Bastola ikalia, akakimbia peke yake, akamaliza kwa sekunde 50, akapewa medali ya dhahabu. Medali ya fedha na ile ya shaba hazikutolewa kwa mtu yeyote.

Wakimbiaji wawili waliopaswa kushindana naye walikuwa Wamarekani. Walikuwa wazima na walikuwa palepale London, ila walikataa kukimbia. Mmoja aliitwa William Robbins. Wa pili alikuwa kijana mweusi kutoka mji wa Philadelphia, mwenye miaka 25, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Jina lake John Baxter Taylor.

Siku hiyo hiyo, Taylor aliingia katika uwanja uleule kwa mbio nyingine, akiwa pamoja na wenzake watatu, na wakashinda. Ndivyo alivyokuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Miezi minne na wiki moja baadaye, alifariki.

Wengi wanamjua Jesse Owens, aliyeshinda medali nne za dhahabu mjini Berlin mwaka wa 1936 mbele ya Hitler. Ni wachache wanaojua kwamba miaka 28 kabla yake kulikuwa na mwingine aliyefungua mlango huo.

Mtoto wa waliokuwa watumwa

John Taylor alizaliwa tarehe 3 mwezi wa kumi na moja 1882 mjini Washington, makao makuu ya Marekani. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria tangu mwaka wa 1865, ni kusema miaka 17 tu kabla hajazaliwa. Wazazi wake walikuwa wameuonja wao wenyewe.

Akiwa bado mtoto, jamaa yake ilihamia Philadelphia, mji mkubwa wa viwanda upande wa kaskazini. Huko mtu mweusi aliweza kusoma na kutafuta kazi kwa urahisi kidogo kuliko kusini. Kijana huyo alisoma Central High School, shule ya sekondari ya serikali iliyokuwa na sifa nzuri mjini humo, akaimaliza mwaka wa 1902. Ni kwenye miaka hiyo ya shule ndipo mbio zake zilianza kuonekana. Alikuwa mrefu, mwenye hatua ndefu kupita kawaida, na watu walianza kuja uwanjani kumtazama yeye.

Baada ya mwaka mmoja katika shule ya matayarisho, aliingia Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka wa 1903. Kwanza aliandikishwa katika kitengo cha biashara na fedha cha Wharton. Kisha akabadilisha, akaenda kusomea udaktari wa mifugo. Haikuwa kazi ya kudharauliwa. Wakati huo farasi ndio waliokuwa wakivuta mikokoteni na kubeba mizigo ya miji mikubwa ya Marekani. Mwenye kuwatibu alikuwa na uhakika wa kula.

Ili kupima uzito wa hatua hiyo, lazima kukumbuka hali ya Marekani ya siku zile. Mwaka wa 1896, mwaka uleule ambapo michezo ya Olimpiki ilifufuliwa mjini Athens, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu iliyokubali sheria za kutenganisha weusi na weupe katika treni. Kufuatana na hukumu hiyo, majimbo ya kusini yaliwatenga weusi katika shule, hoteli, mabehewa na hata kwenye bomba la maji ya kunywa. Kijana mweusi kuingia katika chuo kikuu kikubwa cha weupe, kukaa humo na kutoka na diploma, lilikuwa jambo la nadra sana.

Bingwa wa robo maili

Katika Marekani ya wakati ule mbio zilipimwa kwa yadi. Taylor alichagua yadi 440, ni kusema robo maili, ambayo ni karibu mita 402. Wakimbiaji wenyewe wanaiogopa mbio hiyo. Ni ndefu mno kwa mtu kuimaliza yote kwa nguvu zake zote, na ni fupi mno kwa mtu kupumzika njiani. Anayeanza kwa kasi kupita kiasi huona miguu ikigeuka mawe katika mita 80 za mwisho, na anayejibania mwanzoni hawezi tena kuwafikia wenzake.

Zaidi ya hayo, vifaa vilikuwa vichache. Uwanja ulitandazwa vumbi la makaa yaliyoteketea, na mvua ikinyesha uligeuka matope. Vile vyuma ambavyo wakimbiaji wa leo hukanyagia wakati wa kuanza havikuwepo. Kila mmoja alikuja na kijiko chake kama cha mwashi, akachimba mashimo mawili madogo nyuma ya mstari, akatia vidole vya miguu humo, akasubiri bastola.

Katika mwaka wake wa kwanza chuoni, Taylor alishinda ubingwa wa yadi 440 katika mashindano makubwa ya vyuo vikuu vya Marekani. Ilikuwa mwaka wa 1904, na alitumia sekunde 49.2. Mwaka wa 1907 alirudi akashinda tena, safari hii kwa sekunde 48.8. Rekodi ya dunia ya yadi 440 wakati huo ilikuwa sekunde 47.8, iliyowekwa na Mmarekani Maxie Long mwaka wa 1900. Ni kusema Taylor alikuwa amebakiza sekunde moja tu. Mwaka uleule wa 1907 akawa pia bingwa wa taifa, na mwaka wa 1908 akaongeza taji la tatu la vyuo vikuu.

Mwalimu wake chuoni alikuwa Mike Murphy, mmoja wa makocha waliosifiwa zaidi nchini humo, ambaye ndiye aliyepewa timu ya Marekani ya Olimpiki ya 1908. Nje ya chuo, Taylor alikimbilia klabu ya Irish American ya New York. Ilianzishwa na wahamiaji kutoka Ireland, ila ilifungua mlango kwa Wayahudi na kwa weusi wakati klabu nyingine nyingi zilikuwa zikiwafungia. Wahamiaji hao walijua vizuri maana ya kuachwa nje.

Mwezi wa sita 1908 Taylor alikuwa na diploma ya udaktari wa mifugo mkononi. Mwezi wa saba alikuwa London.

London: ugomvi ulioanza kabla ya mbio

Michezo ya 1908 ilikuwa imepangwa kufanyika Roma. Italia ilipojitoa, Uingereza ilikubali kuipokea na ikajenga uwanja mpya kabisa magharibi ya London. Katikati ya uwanja kulichimbwa bwawa la kuogelea lenye urefu wa mita 100. Njia ya kukimbilia ilizunguka bwawa hilo, na mzunguko mmoja ulikuwa theluthi ya maili, karibu mita 536. Kwa hiyo mkimbiaji wa mita 400 hakuwa hata anamaliza mzunguko mmoja.

Mfalme Edward VII alifungua michezo tarehe 13 mwezi wa saba. Tangu siku hiyo ya kwanza Wamarekani na Waingereza hawakuelewana. Bendera ya Marekani haikuonekana kati ya zile zilizopamba uwanja, na wageni wakalichukua hilo kama tusi. Jambo zito zaidi lilikuwa la waamuzi: wote walikuwa Waingereza. Kila uamuzi ukawa chanzo cha malalamiko. Magazeti ya pande zote mbili yakamwaga mafuta kwenye moto.

Katikati ya kelele hizo, mita 400 zilianza. Halswelle, tumaini kubwa la Waingereza, alikimbia nusu fainali kwa sekunde 48.4, rekodi mpya ya Olimpiki. Taylor alishinda nusu fainali yake kwa sekunde 49.8. Fainali ikabaki na watu wanne: Halswelle peke yake upande wa Uingereza, na Wamarekani watatu, John Carpenter, William Robbins na John Taylor.

Mmoja dhidi ya watatu. Waingereza walianza kunong'ona kwamba Wamarekani wangemzingira mtu wao. Waamuzi wakapangwa kando ya njia, kila mmoja na sehemu yake ya kulinda.

Mbio iliyovunjwa katikati

Fainali ilikimbiwa Alhamisi tarehe 23. Wakati huo mita 400 hazikuwa na mistari ya kumgawia kila mkimbiaji njia yake. Wote walianza pamoja, na kila mmoja alitafuta nafasi yake kama watu wanaopita kwenye mlango mmoja.

Robbins alitangulia. Taylor hakuanza vizuri, akabaki nyuma. Walipofika sehemu ya mwisho, Carpenter alimpita Robbins, na Halswelle akataka kuwapita wote kwa upande wa nje. Hapo Carpenter akaanza kukimbia kwa mshazari, akisogea nje hatua kwa hatua, na Halswelle akasukumwa kuelekea ukingo wa uwanja bila kupata nafasi ya kupita.

Mwamuzi mmoja akainua mikono na kupiga kelele kwamba kuna kosa. Wengine wakaitikia. Uzi wa mwisho ukakatwa kabla Carpenter hajaufikia. Taylor, aliyekuwa bado njiani, alisimamishwa na hakufika mwisho. Watu wakajaa uwanjani, Wamarekani na Waingereza wakabishana uso kwa uso.

Kiini cha ugomvi huo kilikuwa kanuni. Kule Marekani, kumkatia mwenzako njia kwa namna ile kulivumiliwa, ilimradi humpigi wala humshiki. Kanuni za Uingereza zilikataza kabisa, na michezo ilikuwa ikiendeshwa kwa kanuni za Uingereza. Kila upande uliamini kwa moyo safi kwamba umeonewa.

Waamuzi walikutana, wakasikiliza mashahidi, wakatoa uamuzi: Carpenter anafukuzwa, mbio inafutwa, na itarudiwa Jumamosi na watu watatu waliobaki. Safari hii kamba zingefungwa uwanjani ili kila mkimbiaji awe na njia yake.

Watu watatu, medali tatu

Hapo ndipo uamuzi mkubwa wa maisha ya Taylor ulipofika. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Watu watatu walialikwa kurudia mbio, na medali zilikuwa tatu. Hakulazimika kumshinda Halswelle. Hakulazimika hata kumshinda Robbins. Ilitosha kuvaa viatu, kukimbia mita 400 na kufika mwisho, na jina lake lingeandikwa kati ya washindi wa mbio aliyoitumikia tangu shule.

Isitoshe, yeye hakuwa ametenda kosa lolote. Siku ya Alhamisi alikuwa nyuma, mbali na msukumano. Hakuna aliyemlaumu.

Lakini viongozi wa timu ya Marekani, wakiongozwa na James Sullivan, walisema kwamba Carpenter ndiye aliyeshinda na kwamba kurudia mbio ni kukubali hukumu isiyo ya haki. Robbins na Taylor wakasimama pamoja na mwenzao. Jumamosi ilipofika, hawakutokea kwenye mstari. Halswelle akakimbia peke yake. Ndiyo mara pekee katika historia ya riadha ya Olimpiki ambapo fainali ya mbio ilikuwa na mtu mmoja.

Halswelle mwenyewe hakufurahia ushindi wa namna hiyo, na hakuendelea muda mrefu na mashindano. Miaka saba baadaye, tarehe 31 mwezi wa tatu 1915, aliuawa kwa risasi nchini Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza.

Kwa upande wa Taylor, mtu anaweza kulitazama jambo hilo kwa namna mbili. Anaweza kusema kwamba alipoteza medali kwa ugomvi ambao haukuwa wake. Anaweza pia kuona kijana mweusi aliyesimama pamoja na mzungu mwenzake wa timu kwa gharama ya faida yake mwenyewe, wakati katika majimbo mengi ya nchi yao wawili hao wasingeruhusiwa kukaa katika behewa moja la treni. Yote mawili ni kweli.

Mikono badala ya kijiti

Jumamosi hiyo ilikuwa bado na mbio nyingine. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Olimpiki, ratiba ilikuwa na mbio ya kupokezana. Haikufanana na zile za leo. Wawili wa kwanza walikimbia mita 200 kila mmoja, wa tatu mita 400, na wa mwisho mita 800. Hapakuwa na kijiti: anayemaliza alimgusa mkono mwenzake, naye akaondoka.

Marekani ilimpanga William Hamilton kwanza, Nathaniel Cartmell wa pili, Taylor wa tatu na Melvin Sheppard wa mwisho. Ilikuwa timu yenye uzito. Cartmell, aliyesoma chuo kimoja na Taylor, alikuwa amepata medali mbili za fedha katika michezo ya 1904 na ya shaba katika mita 200 hapo London. Sheppard, wa klabu moja na Taylor, alikuwa tayari amebeba dhahabu mbili mjini humo, ya mita 800 na ya mita 1500.

Hamilton na Cartmell walimkabidhi Taylor mbio ikiwa mbele. Kazi yake ilikuwa mita zilezile 400 ambazo hakuzikimbia kwenye fainali ya siku hiyo. Alizikimbia, akaulinda uongozi, akamgusa Sheppard mkono. Sheppard alifika mwisho kwa dakika 3 na sekunde 29.4. Ujerumani ilikuwa ya pili, sekunde tatu nyuma, na Hungaria ya tatu.

Hivyo dhahabu ya kwanza ya Mmarekani mweusi ilipatikana kwa miguu ya watu wanne, watatu weupe na mmoja mweusi. Hakuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata medali yoyote: George Poage alikuwa amepata mbili za shaba mjini Saint Louis mwaka wa 1904. Wala hakuwa mtu mweusi wa kwanza duniani kupata ushindi wa Olimpiki, maana Constantin Henriquez, mwenye asili ya Haiti, alikuwa katika timu ya raga ya Ufaransa iliyoshinda mjini Paris mwaka wa 1900. Lakini kwa Wamarekani weusi, dhahabu ilianzia kwa Taylor.

Nchi aliyoirudia

Timu ya Marekani iliporudi nyumbani mwezi wa nane, mji wa New York uliipokea kwa maandamano makubwa, na Raisi Theodore Roosevelt akaikaribisha nyumbani kwake.

Wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu ile siku ya London. Katikati ya mwezi huohuo wa nane, mjini Springfield katika jimbo la Illinois, kundi kubwa la weupe lilikuwa limeshambulia mitaa ya weusi, likachoma nyumba na kuua watu. Springfield ndio mji alimoishi Abraham Lincoln, raisi anayekumbukwa kwa kuvunja minyororo ya utumwa. Maafa hayo yaliwashtua watu wengi, na mwaka uliofuata yakachangia kuzaliwa kwa NAACP, shirika kubwa la kutetea haki za weusi nchini Marekani.

Afrika nayo ilikuwa katika giza lake. Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 1908, Congo ilitoka mikononi mwa Mfalme Léopold II, aliyeimiliki kama shamba lake, ikawa koloni ya Ubelgiji. Wakongomani hawakuulizwa. Huo ndio ulimwengu ambamo daktari kijana mweusi alirudi Philadelphia na dhahabu, tayari kuanza kazi yake.

Maji machafu

Hakupata muda. Mwezi wa kumi na moja aliadhimisha miaka 26. Tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 1908, alifariki Philadelphia kwa ugonjwa wa tifoide uliofika hadi kwenye mapafu.

Wasomaji wa Congo hawahitaji kuelezwa tifoide ni nini. Ni ugonjwa unaoingia kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na choo cha mgonjwa. Leo unajulikana kama ugonjwa wa mitaa isiyo na maji safi, na mtu akidhani ni wa Afrika tu hukosea. Philadelphia, mji mkubwa wa nchi iliyokuwa ikitajirika haraka, ilikuwa ikivuta maji ya kunywa kutoka mito miwili, Schuylkill na Delaware, ambamo uchafu wa viwanda na wa nyumba ulikuwa ukimwagwa. Kwa miaka mingi tifoide iliua watu mjini humo kila mwaka. Mitambo ya kuchuja maji ilikuwa bado inajengwa wakati Taylor alipokufa.

Dawa nayo haikuwepo. Kloramfenikoli, antibiotiki ya kwanza iliyoweza kuushinda ugonjwa huo, ilianza kutumiwa mwaka wa 1948, miaka 40 baadaye. Mwaka wa 1908 mganga aliweza tu kumlaza mgonjwa, kumpoza homa na kungoja. Nguvu za mwanariadha hazikusaidia kitu: hata Wilbur Wright, mmoja wa ndugu wawili waliorusha ndege ya kwanza, aliuawa na tifoide mwaka wa 1912.

Habari ya kifo cha Taylor ilitoka katika magazeti makubwa ya Marekani, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mtu mweusi. Harry Porter, bingwa wa kuruka juu wa London, aliwaandikia wazazi wake kwa niaba ya timu. Alisema kwamba pamoja na mbio zake zote, John alikumbukwa na wenzake zaidi kwa utu wake kuliko kwa ushindi wake. Alizikwa katika makaburi ya Eden, nje kidogo ya Philadelphia, yaliyowekwa kwa ajili ya weusi.

Kilichobaki

Ugomvi wa London haukupita bure. Ulionyesha kwamba haiwezekani nchi moja iandae michezo, ilete kanuni zake na ihukumu peke yake. Mwaka wa 1912, mjini Stockholm, lilianzishwa shirikisho la kimataifa la riadha, ambalo leo linaitwa World Athletics, ili kanuni ziwe moja kwa wote. Katika michezo hiyohiyo ya Stockholm, wakimbiaji wa fainali ya mita 400 walipewa kila mmoja njia yake. Mistari myeupe inayoonekana leo kwenye kila uwanja wa riadha ina uhusiano na ile Alhamisi ya 1908.

Mbio ya kupokezana nayo ilibadilishwa. Tangu 1912 ikawa ya watu wanne, kila mmoja mita 400. Ile ya mita 200, 200, 400 na 800 haikurudi tena kwenye Olimpiki kwa wanaume. Ni kusema dhahabu ya Taylor ilitoka katika mbio iliyokimbiwa mara moja tu katika historia yote ya michezo hiyo.

Wengine wakafuata nyuma yake. Mwaka wa 1924 mjini Paris, DeHart Hubbard alishinda kuruka mbali, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata dhahabu yake mwenyewe bila timu. Mwaka wa 1932 mjini Los Angeles, Eddie Tolan alibeba mita 100 na mita 200. Mwaka wa 1936, wakati dunia nzima ilikuwa ikimtazama Owens, Mmarekani mweusi mwingine, Archie Williams, alishinda mita 400, ile mbio ambayo Taylor hakuikimbia.

Leo, mtu akifungua matokeo ya michezo ya London ya 1908 na kutafuta mita 400 za wanaume, atamkuta Halswelle juu, sekunde 50, na chini yake nafasi ya pili na ya tatu zikiwa tupu. Moja kati ya nafasi hizo mbili ingekuwa ya daktari kijana wa Philadelphia, kama angekubali kwenda kuichukua.